Shajara ya Michoro Ukiwa Pwani: Mwongozo Kamili wa Karatasi, Wino, Rangi na Gundi

Bibi yangu alikuwa akisuka ukili wa mikeka barazani kila alasiri, miguu kainyoosha, bakuli la miyaa, yale majani ya kusukia, pembeni yake. Siku moja nilimchora. Mikono hasa ndiyo niliyoitaka, vidole vinavyopishana bila yeye kuvitazama. Nilitumia kalamu ya jeli niliyoinunua njiani, kisha nikaona leso yake inahitaji rangi kidogo. Brashi yenye maji ilipogusa karatasi, wino wote ukayeyuka, na vidole vikageuka doa moja la bluu. Nikasema nitamchora tena wiki ijayo. Wiki hiyo akaugua, na hakurudi tena barazani.

Ukurasa huo ninao mpaka leo, na ndio sababu mwongozo huu unaanza na vitu vinavyoharibu kazi kabla ya vitu vinavyopendeza machoni.

Shajara ya michoro ni daftari la kila siku: unachora, unapaka rangi, unabandika, unaandika maneno mawili matatu. Vifaa vyake si sawa na vya mtu anayechora picha ya kutundika ukutani. Lazima viingie mkobani, vikauke upesi, vistahimili joto na unyevu (naishi Tanga, unyevu naujua), na vingi vipatikane steshenari ya mtaani vinapoisha. Nimevipanga kwa utaratibu wa kununua. Kama pesa ni kidogo, nusu yake iende kwenye karatasi.

Karatasi kwanza

Uzito wa karatasi hupimwa kwa gramu kwa kila mita moja ya mraba. A4 ya fotokopi ni gramu 80. Ukiipaka maji inajikunja kama papadi. Karatasi ya gramu 160 au 200, ile inayotumika kuchapia vyeti, inavumilia rangi nyepesi ya mara moja. Karatasi halisi ya rangi za maji ni gramu 300, na ndiyo inayokuruhusu kupaka, kufuta kwa tambara, na kupaka tena.

Uzito pekee hautoshi. Karatasi nzuri imetiwa wanga au jelatini kiwandani ili isinywe maji papo hapo. Omba kipande kilichoharibika pale kaunta, lowesha ncha ya kidole, gusa pembeni. Tone likizama mara moja na alama ikatokea upande wa pili, karatasi hiyo itameza rangi yako na kuifanya ififie. Tone likikaa juu sekunde kadhaa likimeremeta, nunua.

Manila inapatikana kila mahali na ni rahisi, lakini ukiilowesha mara mbili uso wake unachubuka na kuota manyoya. Iache kwa penseli, kubandika, na majalada. Kaunta buku ina jalada gumu zuri na kurasa nyembamba zenye mistari. Ukiwa nayo tayari, usiitupe: gundisha kurasa mbili mbili kwa gundi ya kijiti, utapata ukurasa mmoja unaobeba penseli, biki na vibandiko bila shida. Rangi za maji usiilazimishe.

Shona daftari lako mwenyewe

Daftari za gramu 300 zilizokwisha kushonwa ni ghali. Karatasi moja kubwa ya sentimita 56 kwa 76 inatoa daftari zima la kurasa 32, na kazi yake ni ya jioni moja.

Kunja upande wa sentimita 76 katikati, kisha katikati tena, upate vipande vinne vya sentimita 19. Upande wa 56 ukunje mara moja. Piga kila mkunjo kwa ukucha au mgongo wa kijiko, kunjua, ukunje upande wa pili, halafu pasua taratibu ukiwa umekandamiza rula ya chuma. Unapata vipande nane vya 19 kwa 28. Kila kimoja ukikunje katikati, kiwe cha 14 kwa 19. Vipachike viwili viwili, kimoja ndani ya kingine: una vitita vinne.

Jalada ni manila ya sentimita 20 kwa 30 na nusu, yenye mgongo wa sentimita moja na nusu katikati. Mgongo huo unaonekana mpana kwa karatasi hizi chache, lakini vibandiko vitauvimbisha. Ukipenda, lifunike jalada kwa kipande cha kanga kilichochakaa, ukipaka gundi nyeupe kwenye manila, si kwenye kitambaa.

Uzi mwombe fundi viatu, mita mbili tu, kisha upitishe kwenye mshumaa ili usijifunge mafundo. Mimi natumia shazia ya bibi, ile ya kushonea mikeka. Kisha:

1. Fungua kitita, toboa matundu matatu kwenye mkunjo: moja katikati, moja juu, moja chini, ya pembeni yakiwa sentimita 3 kutoka ukingoni. Toboa matundu yanayolingana kwenye mgongo wa jalada.
2. Ingiza sindano tundu la katikati ukitokea ndani kwenda nje, ukiacha mkia wa uzi wa kidole kimoja.
3. Rudi ndani kwa tundu la juu.
4. Ukiwa ndani, pita katikati bila kuingia, shuka hadi tundu la chini, utoke nje.
5. Rudi ndani kwa tundu la katikati. Mikia miwili ikae kila mmoja upande wake wa uzi mrefu, kaza, funga fundo mara mbili.

Fanya hivyo kwa vitita vyote vinne, kila kimoja na safu yake ya matundu mgongoni. Uzuri wa mshono huu ni kwamba daftari linafunguka na kulala bapa mezani, jambo ambalo daftari nyingi za dukani haziwezi.

Penseli na kalamu

Penseli tunaiita kalamu ya risasi ingawa ndani hakuna risasi kabisa. Ni grafaiti iliyochanganywa na udongo wa mfinyanzi na kuchomwa, mbinu ambayo Mfaransa Nicolas-Jacques Conté aliisajili mwaka 1795. Udongo ukizidi, penseli inakuwa ngumu na hafifu, hizo ndizo zenye herufi H. Grafaiti ikizidi, inakuwa laini na nyeusi, hizo ni B. Kwa shajara nunua 2B moja. HB ya shuleni inatosha kama 2B haipo, ila usikandamize, kwa sababu mifereji inayobaki kwenye karatasi itajaa rangi na kuonekana. 6B iache nyumbani. Kurasa zikifungwa inachafua ukurasa wa pili.

Kwa upande wa wino, jambo la kujua ni moja: je, unayeyuka ukiguswa na maji? Chora mstari, hesabu hadi sitini, pitisha kidole chenye maji. Fanya jaribio hili dukani kabla ya kulipa, kila mara, hata kwa kalamu uliyoizoea ikiwa imetoka kiwanda kingine. Kalamu nyingi za jeli zinayeyuka. Wino mwingi wa kalamu za kujaza pia unayeyuka.

Biki ya kawaida, ile yenye mwili unaoonyesha wino ndani (Bic walianza kuuza Cristal yao mwaka 1950), inastahili heshima zaidi ya inayopewa. Wino wake ni wa mafuta, kwa hiyo maji hayauchukui kirahisi. Ukiishika kwa wepesi inatoa kijivu hafifu kabisa, ukikandamiza inakuwa nyeusi, ukipitisha mistari juu ya mistari unapata kivuli cha kweli. Jua linaufifisha, lakini ndani ya daftari lililofungwa hilo si tatizo kubwa. Kasoro yake ni tonge la wino linalokusanyika kwenye ncha, basi weka kitambaa uifute kila dakika kadhaa.

Ukiweza kununua kalamu moja ya ziada, chukua yenye wino wa pigimenti, yaani wenye chembe za rangi zisizoyeyuka majini. Pigma Micron ya kampuni ya Sakura ndiyo inayojulikana zaidi. Namba 03 inatoa mstari wa milimita 0.35, na kwa ukurasa wa ukubwa wa kiganja hiyo ndiyo ningekushauri. Ncha yake ni dhaifu. Ukiiburuta kwenye karatasi yenye mikwaruzo au juu ya krayoni, inakufa ndani ya wiki.

Rangi nne zinatosha

Hapa ndipo watu wanapopoteza pesa. Wananunua kisanduku cha rangi 24 ambamo kijani ni sita na zote hazifanani na mnazi wowote. Nunua tyubu ndogo nne za rangi za maji, za mililita 5, na usome alama ya herufi na namba iliyo nyuma, si jina lililo mbele. Jina kila kiwanda kinajipa kinavyotaka. Alama ya pigimenti haibadiliki.

Njano: PY154. Nyekundu inayoelekea pinki: PV19. Bluu: PB29. Kahawia: PBr7, ile iliyochomwa, yenye wekundu wa udongo wa njia ya Muheza baada ya mvua. Hizo zote hazififii kirahisi. Nyekundu yenye alama PR83 iepuke, inapauka.

PB29 ni bluu ambayo wazee wetu waliijua bila kujua jina lake, kwani vile vidonge vya zamani vya bluu ya kufulia nguo nyeupe vilitengenezwa kwa pigimenti hiyohiyo. Ina tabia moja nzuri: chembe zake huzama kwenye vishimo vya karatasi na kuacha madoadoa, kama anga la Bahari ya Hindi kabla ya mvua. Ukiichanganya na kahawia ya PBr7 unapata kila aina ya kijivu, kuanzia mabati ya zamani hadi masizi ya sufuria. Kwa mchanganyiko huo huhitaji kununua nyeusi.

Na nyeusi usiiweke kwenye uso wa mtu. Ngozi zetu zina kahawia, wekundu, njano na bluu ndani yake. Anza na PBr7 nyepesi uso mzima, ongeza njano kidogo pale mwanga unapopiga, paji la uso na mfupa wa shavu, na kwenye kivuli chini ya kidevu ongeza bluu ndani ya ileile kahawia. Mtu wa kwanza niliyemchora hivi aliniambia, "Sasa hapa ndiyo mimi."

Chombo cha rangi tengeneza mwenyewe. Chukua kisanduku cha bati cha peremende, bandika ndani yake vifuniko vinne vya plastiki vya chupa za maji. Vifuniko vya soda vya chuma vinaota kutu na kutu inaingia kwenye njano. Jaza kila kifuniko nusu, koroga kwa kijiti cha meno kutoa mapovu, kiache kikaze, halafu jaza iliyobaki. Kiangazi inachukua siku mbili tatu. Masika kipe wiki nzima, kisanduku kikiwa wazi.

Angalizo kwa watu wa pwani. Rangi za maji hushikiliwa na gundi ya miti ya jamii ya mgunga, ambayo kwa wingi hutoka Sudan. Viwanda vingine, kama Sennelier wa Paris, huongeza asali ili rangi ilainike upesi ikiguswa na brashi. Ni rangi nzuri sana, lakini kwenye unyevu wetu hubaki inanata na kutiririka ukisimamisha mkoba. Nunua isiyo na asali, na ukiona ukungu mweupe juu ya rangi, ufute kwa pamba yenye spiriti kidogo kisha uanike kisanduku.

Rangi za mafuta usizitie humu. Edward Said Tingatinga alianza mwaka 1968 kule Dar es Salaam kwa rangi ya baiskeli na vipande vya ubao, na kwenye ubao zinang'aa vizuri. Kwenye karatasi, mafuta yanapenya hadi ukurasa wa nyuma, na kurasa zikibanwa zinagandana.

Jikoni kuna rangi pia. Chai ya rangi iliyokolea na kahawa hutoa kahawia laini ya kutandika chini kabla ya kuchora. Manjano ya kupikia inavutia sana siku ya kwanza, ila mwanga unaila haraka. Ukiloweka misumari yenye kutu kwenye chai nzito siku kadhaa, inageuka kijivu cheusi, kwa sababu chuma kinashikana na ukali uliomo kwenye majani ya chai. Itumie kwa mistari myepesi tu, maana ikizidi inakula karatasi miaka ikipita.

Brashi

Moja. Ya duara, namba 8, nywele za sintetiki, ncha inayorudi kuwa kali ukiilowesha na kuikung'uta. Ncha inachora ukope, tumbo linapaka anga. Kwa daladala au boti, brashi yenye maji ndani ya mpini inakuokoa kubeba kopo. Huko utatumia hiyo. Usiiache brashi yoyote imesimama ndani ya maji.

Gundi na vibandiko

Gundi ya kijiti kwa karatasi nyembamba, gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa kidogo kwa kitambaa na manila. Selotepu usiitumie: miaka michache tu inageuka njano, inabanduka, na kuacha doa la mafuta.

Mimi napenda uji wa ngano kuliko vyote. Kijiko kimoja kikubwa cha unga, vijiko vitano vya maji, moto mdogo, koroga bila kuacha hadi uwe mzito na kuanza kung'aa. Ukipoa tia matone mawili ya mafuta ya karafuu. Karafuu inazuia ukungu. Bila hiyo uji unachacha siku ya pili. Paka kwa wembamba, kandamiza chini ya vitabu vizito usiku mzima, ukiweka karatasi ya nailoni katikati.

Cha kubandika kipo kila siku: kipande cha pakiti ya majani ya chai, stempu, tiketi ya basi, kona ya kanga yenye maneno mawili ya jina lake. Mambo mawili tu ya kuangalia. Gazeti litageuka rangi ya chai, kwa hiyo libandike ukijua hivyo. Na risiti za mashine ya EFD, ile ya kodi dukani, zimechapwa kwa joto, hazina wino. Maandishi yake yatafifia, na ukiziacha kwenye gari juani zinakuwa nyeusi zote. Nakili kwa kalamu kilichokuwa muhimu, jina la duka, tarehe, ulichonunua, siku hiyohiyo.

Ukurasa mmoja, dakika ishirini na tano

Chukua mfano wa asubuhi moja Ngamiani, hapa Tanga, kwenye vitumbua vya jirani yetu. Kwanza kibali.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Naomba nikae hapa nichore chuma chako cha vitumbua."

"Chora tu. Lakini moto wangu usiusahau."

Dakika tano za penseli: duara la chuma, matundu saba, jiko chini yake, mkono wake na kijiti cha kugeuzia. Hakuna vivuli bado. Matundu usiyachore moja moja kwa usahihi. Chora la katikati, kisha yapange mengine kulizunguka, ndivyo yanavyokaa pamoja.

Dakika saba za wino, ukianza na kinachosogea, yaani mkono. Chuma hakitakimbia. Subiri dakika moja, futa penseli.

Kisha rangi, nyepesi kwanza. Njano yenye tone la kahawia juu ya vitumbua vyote, ukiruka vidoa vidogo vyeupe pale mafuta yanapometa. Weupe huo ni karatasi yenyewe, ukishaufunika haurudi vizuri. Weka daftari juani. Likikauka, kahawia nzito zaidi kwenye kingo za vitumbua, mahali palipogusa chuma. Kausha tena. Halafu kijivu kizito cha PB29 na PBr7 kwa masizi, na kikiwa bado kibichi dondoshea nyekundu na njano chini yake kwa makaa. Acha zipenyezane zenyewe, usizikoroge. Huo ndio moto wake.

Dakika zilizobaki andika: tarehe, bei ya kitumbua kimoja, aliyepita akasalimia, alichokisema mama. Miaka mitano baadaye maandishi haya ndiyo utakayoyasoma kwanza.

Kulitunza

Usilifunge kwenye mfuko wa nailoni. Jasho la ndani linaleta ukungu. Lisimamishe kwenye rafu iliyo mbali kidogo na ukuta, pamoja na vile vipakti vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya boksi za viatu na kifuko cha karafuu kavu. Lifungue mara moja kwa mwezi lipate hewa, ukiangalia mende na vidudu vinavyofuata wanga wa uji. Kila ukurasa upige picha kwa simu karibu na dirisha, pasipo jua la moja kwa moja.

Nimemaliza kushona daftari jingine juzi. Ukurasa wa bibi nimeuhamishia humo, mwanzoni kabisa, na nimeubandika kwa gundi ya kijiti kwenye kingo tu. Uji sikuthubutu, maana wino ule bado unayeyuka. Pembeni yake, kwa kalamu namba 03, nimeandika rangi za miyaa aliyokuwa nayo kwenye bakuli alasiri ile: zambarau, kijani, na ile isiyotiwa rangi.